Picha Haisomeki

Saa tatu asubuhi Desideria Mapunda alikuwa amekwisha kusoma miili kumi na minne, na chai yake ilikuwa bado ya moto. Usishangae. Kusoma mwili siku hizo hakukuwa kumvua mtu shati na kumgonga mgongo. Kila mtu mzima wa Iringa alikuwa na vijumbe ndani ya damu yake, vimashine vidogo kuliko hata vumbi, alivyodungwa siku alipotimiza miaka kumi na minane. Vijumbe hivyo viliogelea kutoka moyoni hadi kwenye ncha za vidole na kurudi, vikipapasa kuta za mishipa na kutuma kituoni kila vilichokigusa. Kazi ya Desideria ilikuwa kukaa kwenye chumba cha baridi, amejifunga kitenge kiunoni na koti juu yake, akitazama mishipa ya mtu mzima mzima ikining'inia mbele yake hewani, myekundu, bila ngozi, bila sura.

Bila jina pia. Ramani zilikuja na namba tu, kwa sababu sheria ya kwanza ya kituo ilisema msomaji asijue anamsoma nani. Sheria nzuri, na kwa miaka kumi na mmoja Desideria hakuwahi kuivunja. Lakini sheria ilitungwa na watu waliodhani mishipa ya binadamu wote inafanana.

Ramani ya kumi na tano haikuwa na figo ya kushoto. Mshipa wa kuelekea huko ulikuwa umekatwa na kufungwa vizuri, kazi ya daktari wa upasuaji. Alipoishusha picha hadi mkono wa kulia, mishipa ya kidole cha mwisho iliishia ghafla kwenye kifundo. Desideria akaacha kikombe. Mjini pale palikuwa na mtu mmoja aliyemtolea kaka yake figo, na ambaye kidole chake kililiwa na feni ya mtambo, na watu wote walimjua kwa sababu alikuwa akivisimulia vyote viwili kila alipopata wa kumsikiliza.

Erasto Kikoti. Fundi wa mitambo ya baridi ya kituo hicho hicho. Mtani wake.

Akarudi tumboni kwenye ile picha. Mshipa mkuu, ule unaotoka moyoni kama bomba kubwa la mtaani kabla halijagawanyika, ulikuwa umevimba chini ya kitovu kama mpira wa baiskeli unaochungulia nje ya tairi lililochanika. Sentimita sita na ushee. Ukuta wa mshipa una tabaka tatu, na ile ya katikati ndiyo yenye mvutano: inatanuka moyo ukipiga, inarudi moyo ukipumzika. Ya Kikoti ilikuwa imeoza. Miaka ya sigara, miaka ya presha aliyoipuuza, na mafuta yaliyoganda ukutani yakageuka magumu kama chokaa. Kilichobaki kilikuwa kinatanuka bila kurudi. Mtambo ukaandika chini ya picha kwamba mashine ya kushona mishipa, inayozunguka mikoa yote ya nyanda za juu, ingefika Iringa baada ya siku kumi na tisa. Kisha ukaleta swali lake la kawaida: TULIZA, au TAJA SABABU.

Zamani walikuwa wanawaambia watu. Msomaji akiona uvimbe kama huo, mtu aliitwa, akakalishwa, akaelezwa kwa upole. Akatoka nje ya mlango amejaa hofu, na hofu ikapandisha presha, na presha ikamaliza kazi kabla mashine haijafika. Waliambiwa kumi, wakazikwa wanne. Ndipo Baraza la Damu likaleta utulizo. Msomaji anabonyeza, vijumbe vinamwaga dawa taratibu mle mle ndani ya damu, na moyo unatulia. Presha haipandi tena ghafla, maana mtu hashtuki tena. Hakasiriki. Hacheki mpaka akashika mbavu. Anaishi, naam, anafika hadi siku ya kushonwa, wala hajui kama alitulizwa.

Baada ya kushonwa, utulizo ulitakiwa uzimwe. Ilikuwa imeandikwa kabisa: mhusika atume ombi. Sasa niambie wewe, mtu aliyetulizwa atapata wapi kero ya kumfanya atume ombi? Baba mdogo wa Desideria, mzee Oddo, alikuwa mwimbaji wa sauti ya nne aliyetikisa madirisha ya kanisa. Walimtuliza miaka mitano iliyopita, wakamshona, akapona vizuri. Bado anakwenda kwaya kila Jumapili, anasimama mahali pake na kitabu wazi, na hakuna anayemsikia. Walikuwa wengi kama yeye mjini. Ulikuwa unaweza kumkanyaga mtu sokoni akakwambia asante.

Desideria alikuwa amebonyeza mara mia tatu na kitu maishani mwake bila kusita. Safari hii kidole kiligoma. Akaandika kwenye nafasi ya sababu: *Picha haisomeki.* Mtambo ukakubali na kumpa siku tatu za kupiga picha upya. Ulikuwa uongo wa kwanza kuuandika pale kituoni, na alishangaa ulivyokuwa rahisi.

*

Lazima uelewe utani wa hawa wawili ndipo uelewe alichokifanya. Desideria Mngoni, Kikoti Mhehe. Babu zao walichinjana, na wajukuu wakarithi ruhusa ya kutukanana bila mtu kununa. Kikoti alipoingia chumba cha kusomea kukagua feni zake, alianza tangu mlangoni. Alimwita mtumwa wangu. Alimwuliza kama babu zake wameshaacha kukimbia au bado wako njiani. Kila Ijumaa alimpa taarifa kwamba ameshaagiza jeneza lake, la mbao ya mninga, fupi, na kwamba miguu itabidi ikunjwe. Desideria naye hakuwa mnyonge; alimwita mke wa Kikoti, Bi Valeria, mke mwenzangu, na alishamtangazia fundi huyo kifo mara nyingi kuliko idadi ya nywele zilizombakia kichwani. Katika jengo zima, ambamo watu walizungumza kwa sauti ya wagonjwa, kelele zilizosalia zilikuwa za hao wawili.

Ndiyo maana wazo likamjia, na lilipomjia likamfurahisha mpaka akaona aibu. Mtu akiambiwa ana kifo tumboni atashtuka. Lakini akiambiwa na mtani wake? Atacheka. Utani ndio mlango pekee ambao habari ile ingeweza kupita bila kugusa presha. Angemwambia kila kitu, amwulize anataka nini, amsikilize jibu, kisha afanye hivyo hivyo. Mtu angekuwa amejiamulia mwenyewe mambo ya mwili wake, na asingekuwa ameogopa hata kidogo. Aliona amelishinda kwa akili Baraza zima la Damu.

Akamfuata mchana nyuma ya jengo, ambako Kikoti alikuwa amechutama mbele ya mtambo uliofunguliwa tumbo, mikono imejaa grisi. Akampa salamu za matusi, akajibiwa kwa matusi. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumwambia kwamba leo amemsoma, na kwamba habari si njema kwa Wahehe.

"Una uvimbe kwenye mshipa mkuu," alisema. "Hapa, chini ya kitovu. Mkubwa kuliko limau. Ukuta umebaki mwembamba kama karatasi."

Kikoti akacheka mpaka akaangusha spana. Akasema lazima uwe mkubwa, mshipa wa mwanamume wa Kihehe haujawahi kuwa kama ule uzi wa kushonea wa Wangoni. Desideria akaendelea. Alimweleza siku kumi na tisa, akamweleza utulizo, akamtajia figo na kidole. Kadiri alivyoongeza ukweli ndivyo mwenzake alivyozidi kushika mbavu, na yeye mwenyewe, akiona kicheko kile kinavyomtikisa tumbo, alianza kuogopa. Hakuwa amefikiria hilo. Dawa ilikuwa inazuia hata kicheko, na yeye alikuwa amekuja kumchekesha.

"Basi chagua," akasema haraka, ili yaishe. "Nikubonyeze uwe mpole kama mzee Oddo, uishi? Au nikuache na mdomo wako, upasuke?"

Kikoti akajifuta machozi kwa kiwiko. "Mwambie huyo anayebonyeza aweke kidole chake mfukoni," akajibu. "Mimi nikitulizwa, wewe mtumwa utatukanwa na nani? Niache nipasuke. Ila nikipasuka, uje unizike kwa heshima, usije umevaa ngozi za babu yako."

Akaokota spana, akageukia mtambo wake. Desideria akacheka naye, akainuka, akarudi chumbani. Alikuwa amepata jibu. Kichwani mwake jambo lilikuwa limekwisha, na jioni alitembea kwenda nyumbani mwepesi, akanunua hata mkungu mdogo wa ndizi ambao hakuuhitaji.

Alipokuwa akizimenya hizo ndizi ndipo alipoweka kisu chini. Watani hawaambiani kweli. Hiyo ndiyo maana ya kuwa watani. Mtani akikwambia ondoka, anakwambia kaa. Akisema sili chakula cha Mngoni, anadai sahani ya pili. Kwa miaka kumi na mmoja Kikoti hakuwahi kumjibu swali lolote ila kwa kuligeuza. Sasa lile jibu la leo alilitoa moyoni au kwenye utani? Desideria aliligeuza jibu huku na huku mpaka ndizi zikaanza kuwa nyeusi kwenye sinia. Akapiga moyo konde. Akajiambia siku tatu bado zipo, kesho atamwuliza tena, safari hii bila masihara, liwalo na liwe.

*

Hakukuwa na kesho ya namna hiyo. Alipofika kituoni asubuhi alimkuta Dokta Luvanda, mkuu wa kituo, amesimama kwenye ngazi. Akamweleza kwa sauti yake laini kwamba fundi Kikoti ameanguka kwenye kilima cha kupandia kituoni, saa kumi na mbili na nusu, alipokuwa akija kazini. Damu yote ilikwenda tumboni. Alikufa kabla mtu wa kwanza hajamfikia. Dokta akaongeza kwamba ni ajabu kidogo, kwani fundi yule hakuwahi kufika kazini kabla ya saa mbili.

Desideria akakaa chini pale pale kwenye ngazi. Dokta akamngojea kwa adabu. Kisha akasema ameiona ile taarifa ya jana.

"Uliandika picha haisomeki," alisema.

"Ndiyo, Dokta."

Desideria alimngoja akasirike. Alimtazama usoni akitafuta hata mshipa mmoja wa paji la uso usimame. Mtu amekufa, na huyu alijua, lazima alijua, kwa kuwa ile picha aliiona na ilikuwa safi kama maji ya chupa. Alitaka amkaripie. Alitaka afukuzwe mbele ya watu, apelekwe kwenye Baraza, afungwe.

"Hutokea," akasema Dokta Luvanda, na akampa karatasi.

Ilikuwa na majina matatu, maana taratibu za msiba ziliruhusu majina. Valeria Kikoti, mjane. Tulalumba na Emerensiana, mabinti. Vijumbe vya wote watatu vilikuwa vimetuma habari ileile tangu saa moja: mioyo inakimbia, presha imepanda kupita kiasi, mishipa ya kichwani kwa mjane iko hatarini. Huzuni, kwa mtambo, ni ugonjwa wa mishipa kama mwingine wowote.

Desideria aliingia chumba cha baridi bila kuvua hata viatu vya mvua. Ramani tatu zikasimama mbele yake, nyekundu, zikidunda. Hakutazama vizuri. Hakujiuliza kitu. Jana alifikiri sana na mtu akafa, leo hakutaka kufikiri. Alibonyeza mara tatu, haraka haraka, kama mtu anavyokanyaga cheche zilizoruka kwenye mkeka, na akaona mistari mitatu ya presha ikishuka, ikishuka, mpaka ikalala. Akashusha pumzi. Hawa angalau watapona, alijisemea.

*

Kwenye mazishi ya Mhehe, Mngoni ana kazi yake. Wengine wakilia, yeye anachekesha. Analala juu ya udongo na kuzuia maiti isizikwe, anamwiga marehemu alivyotembea, anatoa siri zake. Bila mtani msiba hauna chumvi. Ukoo wa Kikoti ulikuwa ukimngoja Desideria, na walipomwona akishuka makaburini walimfungulia njia.

Alipanda juu ya kichuguu cha udongo. Watu walikuwa kama mia mbili, wamekaa kwenye nyasi. Alitazama nyuso zile na akatambua, kwa mara ya kwanza akiwa nje ya chumba chake, ni nyingi kiasi gani alizozibonyeza. Walikuwa wamekaa vizuri mno. Hakuna aliyegaragara. Hata kina mama hawakuwa wamefungua vilemba.

Alikuwa amejiandaa kusema habari za jeneza la mninga. Mdomo ulipofunguka, hayo hayakutoka.

"Mimi ndiye niliyemuua huyu," alisema.

Kicheko kikapanda. Mtu mmoja nyuma akapiga kofi.

"Nilimwona ana mshipa mbovu. Nilikuwa na dawa mkononi. Nikaandika picha haisomeki, na ilikuwa inasomeka. Nikamwuliza masihara kwenye jambo la kufa, nikaondoka na jibu la masihara. Nawaambia kweli mimi. Ndugu zangu, nimemuua!"

Alikuwa analia sasa, machozi na kamasi, na walizidi kucheka, kwa kuwa hawajawahi kumwona mtani anayejua kulia vile. Mzee mmoja wa ukoo, kaka wa marehemu, yule mwenye figo yake, akainua fimbo kumpongeza. Kicheko kilikuwa cha kiasi, hakikuzidi wala kupungua, kilianza pamoja na kikaisha pamoja. Kisha wakamwomba ateremke ili wafukie.

Walipomaliza, Desideria hakwenda kwenye turubai la wageni. Aliingia moja kwa moja ndani ya nyumba, akapita sebuleni, akamkuta Bi Valeria chumbani amekaa juu ya godoro lililotandikwa chini, kanga nyeusi kichwani, mikono imelala mapajani. Alimpigia magoti. Akamwambia yale yale, neno kwa neno, bila utani, akimshika miguu.

Valeria alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuondoa miguu.

"Alijua," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Aliporudi hakula. Akaniambia, mtani leo kanitania lakini macho yake hayakucheka. Nikamwambia usijali. Akasema, kanitajia figo na kidole, Valeria, yule kaniona kweli. Aliogopa sana. Tulipolala nilisikia moyo wake unagonga godoro."

Desideria aliegemeza paji la uso kwenye miguu ile.

"Akasema nimwamshe mapema. Alitaka akuwahi kabla wenzio hawajafika, asione haya. Akwambie ubonyeze. Akasema anataka kumwoza Tulalumba mwezi wa kumi na mbili, hata akiwa bubu si kitu, atakaa tu pale mbele." Akafikiri kidogo. "Kile kilima alikipanda anakimbia. Jirani alimwona."

Nje mtu alikuwa anapanga sahani. Desideria alisikia sauti yake mwenyewe ikimwomba ampige. Alimwambia nipige, mama, nitukane, nifukuze hapa kwako, niite muuaji mbele ya wanao. Alimwambia kwamba hata utulizo ule ni yeye aliyeubonyeza. Akamsihi aandike ombi wauzime, leo hii, yeye mwenyewe ataipeleka karatasi.

"Nimejaribu," Valeria alisema. "Tangu jana najua utakuja, nikajaribu kukuchukia. Nikakaa hapa nikakutafuta moyoni. Sioni kitu." Alisema hivyo akiwa amekunja uso kidogo, kama mtu aliyesahau jina la kijiji alichozaliwa. Kisha uso ukakunjuka. "Umekula?"

Mabinti wakaingia na maji ya kunawa na sahani ya ugali na nyama. Tulalumba akamshukuru kwa jinsi alivyomsindikiza baba yao, akasema watu wamefurahi sana. Emerensiana akamshikia jagi. Walikuwa na macho ya baba yao wote wawili, na macho hayo yalimtazama kwa wema usiokuwa na mwisho.

Desideria akanawa, akala. Nao watatu wakakaa kumtazama mpaka alipomaliza.